Siku Maporomoko Yalipofungwa

Walimwita Mama Koki, na jina hilo alilipata kazini kabla hata hajawa mama wa mtu. Alianza na ufagio. Akiwa na miaka ishirini na mbili aliajiriwa kufagia karakana ya idara ya maji ya mji wao, karakana ndefu yenye meza za chuma, mabomba yaliyopangwa ukutani kwa unene, na harufu ya grisi isiyotoka nguoni hata ufue mara tatu. Mafundi wote walikuwa wanaume. Msimamizi wao alikuwa mtu wa maneno machache na hasira nyingi, na alikuwa na swali lake moja alilolipenda: "Unajua au hujui?" Aliyejibu kwamba hajui alipewa ufagio siku hiyo, awe nani. Basi yule binti, ambaye ufagio alikuwa nao tayari, akaona mapema kwamba neno "sijui" haliwezi kumfikisha popote. Siku alipoulizwa kama anajua kubadilisha mpira wa koki, alijibu, "Ndiyo." Hakujua. Alikwenda nyuma ya stoo na koki mbovu, akaifungua, akaichungulia ndani kama anayesoma barua ya mchumba, akaifunga, akaifungua tena, mpaka akaielewa. Kisha akarudi kuifanya ile kazi.

Kwa miaka thelathini na moja alikwenda hivyo: anasema ndiyo kwanza, anajua baadaye. Na tuseme kweli, ilimfaa. Alipostaafu alikuwa yeye ndiye msimamizi, na hakuna fundi hata mmoja aliyewahi kumsikia akisema kuna jambo la maji asilolijua.

Kustaafu kulimkaa vibaya. Mumewe alikuwa fundi cherehani, akishonea barazani kwao, na kutwa nzima alimsikia mkewe akizunguka nyumba na spana, akikaza vitu ambavyo havijalegea. "Mke wangu," alimwambia siku moja bila kuinua macho kwenye mshono, "hayo mabomba ukiyakaza zaidi yataomba talaka." Ni binti yao aliyeleta habari za shirika moja linalowapeleka watu wenye ujuzi kujitolea nje ya nchi. Alikuwa anatafutwa fundi bomba wa kukaa miezi sita katika mji mdogo wa milimani, kwenye kituo cha afya cha akina mama wajawazito, ambako maji yalikuwa yakitoka na tope. Mama Koki alijaza fomu kwa kalamu ya mumewe ya kuchorea vitambaa. Penye swali kama ataweza kujifunza lugha ya wenyeji, akaandika ndiyo.

Alijifunza miezi miwili kwa kijitabu. Alipofika aliweza kusalimia, kuhesabu, kuuliza njia na kushukuru, na hiyo si haba kwa mtu wa miaka hamsini na tano. Shida ni kwamba wenyeji hawakuongea kama kijitabu. Mwenye nyumba aliyempangisha chumba cha juu alikuwa mjane aliyewahi kuwa mpokea simu wa posta, na baada ya miaka yote ile ya kuunganisha mazungumzo ya wengine, sasa alikuwa na ya kwake. Kituoni, msimamizi wa majengo alikuwa mwanamume mnene, mpole, mwenye funguo nyingi kiunoni hata ukamsikia kabla hujamwona. Mama Koki alimwita Bwana Funguo, maana jina lake la kweli lilikuwa na herufi ambazo ulimi wake ulizikataa. Bwana Funguo akianza kueleza jambo alimwagika kama bomba lililopasuka. Mama Koki alisimama mbele yake akidaka neno moja kati ya kumi, na kila mwenzake aliponyamaza kuvuta pumzi, alitikisa kichwa na kusema, "Ndiyo, ndiyo."

Manesi vijana wa kituoni wakampa jina. Walimwita Mama Ndiyo. Alidhani wanamsifu kwa ukarimu wake.

Kazi yenyewe aliifanya kwa bidii. Aliondoa mabomba yaliyooza kwa kutu, akalisugua tangi la juu ya dari mpaka likarudisha rangi yake, akajenga chujio la mchanga na kokoto kwenye ua. Kila Jumamosi jioni alilifungua chujio akaliosha, na kila Jumapili maji yalitoka maangavu kama kioo. Alikuwa akijaza glasi na kuiinua dirishani, akijipongeza. Jumatatu mchana tope lilirudi. Jumanne hivyo hivyo, mpaka Ijumaa. Alibadilisha mchanga. Akaongeza kokoto. Jumapili, kioo, Jumatatu, chai.

Na kulikuwa na jambo jingine lililomuudhi. Uani, karibu na mlango wa kufulia, palikuwa na koki moja kuukuu iliyounganishwa moja kwa moja na bomba la mji, bila kupitia kwenye tangi. Kila asubuhi manesi walipanga foleni hapo na ndoo, wakazijaza, wakazifunika, wakazipanga chini ya dirisha la chumba cha kujifungulia. Mabomba mapya yako ukutani, koki mpya zinang'aa, na watu wanabeba ndoo! "Ni watu wa mazoea," alimwambia mumewe kwenye simu. "Nitaikata ile koki, watake wasitake." Alimwambia na Bwana Funguo hivyo, kwa ishara ya msumeno. Bwana Funguo alishika kichwa kwa mikono miwili, akaongea muda mrefu, akaonyesha jua, akaonyesha saa yake, akaonyesha mlima. Mama Koki alisubiri amalize.

"Ndiyo, ndiyo," akasema.

Katika wiki ya nane alijisikia amechoka. Hakuchoka mwili, alichoka kuona tope. Kwenye ukuta wa jikoni kwa mwenye nyumba palikuwa na kalenda yenye picha ya maporomoko ya maji, shuka jeupe linalotoka juu ya jabali na kupasuka chini kuwa moshi. Yalikuwa upande wa juu wa bonde lile lile, mwendo wa saa mbili hivi kwa basi. Kwa kuwa alifanya kazi Jumamosi, Jumatano ilikuwa siku yake ya mapumziko. Akaamua kwenda. Mtu aliyeshika maji maisha yake yote ndani ya bomba la inchi mbili, aliwaza, anastahili kuyaona siku moja yakiwa huru.

Aliwaambia wote kwa furaha: aligonga picha ya kalenda kwa kidole, akasema, "Mimi, Jumatano!" Bwana Funguo alisema mengi akikunja uso, na katika hayo Mama Koki alidaka "Jumatano" na "maji" tu. Ndiyo, ndiyo. Mwenye nyumba naye aliongea sana, jioni ya Jumanne, akimshika mkono, akitaja saa tatu, akitaja dada yake, akicheka na kupiga goti lake mwenyewe kofi. Mama Koki alicheka naye. Ndiyo, dada, ndiyo.

Asubuhi yake alishuka ngazi za mbao kwa soksi, viatu mkononi, asije akamwamsha mwenye nyumba, na saa kumi na mbili alikuwa ameshakaa kwenye basi la kwanza, kiti cha mbele, na mkate na chupa ya maji mfukoni.

Abiria wengine walishuka mmoja mmoja njiani. Mwisho wa barabara alishuka yeye peke yake. Palikuwa na geti, kibanda cha tiketi, na ndani yake mwanamke wa makamo aliyekuwa akifuma soksi. Aliinua macho, akamwangalia Mama Koki, akamwangalia dereva wa basi anayegeuza, akasema sentensi fupi akitikisa kichwa. Mama Koki akasema ndiyo na kuonyesha ngazi za kushukia. Yule mwanamke akarudia, kwa sauti kubwa kidogo, kama mtu anayezungumza na kiziwi. "Ndiyo, ndiyo," akajibu, na safari hii alikuwa na ukali, maana hapendi kufokewa. Mwanamke akapandisha mabega, akafungua geti bila hata kukata tiketi.

Hilo peke yake lingetosha kumshtua mtu mwingine. Yeye alidhani ni takrima kwa wageni.

Ngazi zilikuwa nyingi, zimechongwa kwenye mwamba, na pembeni palikuwa na kamba ya chuma ya kushikia. Alishuka akisikiliza. Fundi wa maji husikia kabla ya kuona. Alizoea kutambua uvujaji ukutani kwa kuweka sikio kwenye plasta. Sasa alisikia ndege, na pumzi zake mwenyewe. Akajiambia jabali linazuia sauti. Alipofika chini, kwenye jukwaa la mbao lenye mabenchi, akainua uso.

Palikuwa na ukuta. Ukuta mweusi wa jiwe, mrefu kama jengo la ghorofa kumi, mkavu. Katikati ulishuka mstari mmoja wa unyevu, mwembamba, kama mtoto amejikojolea godoroni. Chini, pale penye moshi mweupe wa kalenda, palikuwa na dimbwi la kijani, tawi la mti, na kiatu kimoja cha mtu.

Mama Koki alikaa. Hasira zikaja zote pamoja: kwa kalenda, kwa yule mwanamke wa soksi, kwa nchi nzima. Alitoa mkate, akauma mara moja, akaurudisha mfukoni. Ndipo simu ilipoita. Ni mumewe, kwa picha na sauti, kama walivyopatana.

"Haya, mama watoto, nimefunga cherehani kwa ajili yako. Nionyeshe hayo maporomoko."

Akageuza simu.

"Mbona naona ukuta?"

"Ndiyo maporomoko yenyewe."

"Yameporomokea wapi?"

Alitaka kukasirika, akajikuta anacheka, na kicheko hicho kikamgeukia kikawa kitu kingine, macho yakamlowa. Mumewe alisubiri. Ni mtu anayejua kusubiri.

"Kwani hukuambiwa kwamba hakuna maji?" akauliza taratibu.

"Niliambiwa."

"Na nani?"

Akafikiri. Uso wa Bwana Funguo uliokunjwa. Mwenye nyumba na mkono wake. Mwanamke wa kibandani, mara mbili. "Na kila mtu, nadhani."

"Ukasemaje?"

"Nikasema ndiyo."

Mama Koki akasikia gari likipita nje ya baraza lao, mbali kule. "Mke wangu, nikwambie kitu? Mteja akinieleza mshono nisiuelewe, namwambia anieleze tena. Na nisipouelewa tena, namwambia achore. Anaweza kuniona mjinga kwa dakika tano. Lakini nikikata kitambaa chake vibaya, atanikumbuka kwa ujinga huo mpaka nguo iishe."

"Wewe hukuanza na ufagio."

"Sikuanza nao, kweli. Lakini yule msimamizi wenu amekufa, mama watoto. Nilishona suti aliyozikwa nayo. Hakuna wa kukurudisha kufagia." Kisha, kwa kuwa hawezi kukaa na huzuni muda mrefu, akaongeza, "Halafu uko kwenye kituo cha uzazi. Mficha uchi hazai, hilo ungeliandika pale mlangoni."

Walipoagana alikaa akiwa na simu mapajani. Sasa ilikuwa kama mtu anayefuata bomba linalovuja ukutani: ukishaona unyevu mahali pamoja, unaanza kuuona mpaka chini. Kama hakuelewa la maporomoko, ni mangapi mengine hakuyaelewa? Wiki nane. Kila siku ndiyo ngapi? Aliona aibu iliyomfanya ajifunge kanga aliyotoka nayo nyumbani mabegani, ingawa jua lilikuwa limeshawaka.

Alisikia hatua. Yule mwanamke wa kibandani alikuwa anashuka ngazi, soksi yake na sindano kwapani, amekuja kuona kama mgeni yuko salama. Alisimama mbali kidogo, kama mtu anayekaribia mbuzi mkali.

Mama Koki alisimama. Kulikuwa na neno moja alilolijua. Lilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kijitabu, na hakuwa amelitumia hata mara moja.

"Sielewi," akasema. Kisha, kwa kuwa dunia haikuanguka, akaongeza: "Polepole. Tafadhali."

Uso wa yule mwanamke ulifunguka. Alimketisha kwenye benchi, akakaa naye, akainua mkono na kukunjua vidole vitano: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Kwa sindano ya kufumia akaonyesha juu ya jabali, kulikokuwa na bwawa. Akachora hewani bomba kubwa likishuka ndani ya mlima. Akazungusha ngumi kama mtambo unaozunguka, akaonyesha waya za umeme zilizopita angani. Kisha akainua vidole viwili: Jumamosi, Jumapili. Mtambo unalala. Akakusanya vidole vyake vyote na kuviachia vishuke, fyuu, juu ya jabali. Maporomoko hufunguliwa mwisho wa wiki tu, kwa ajili ya watalii.

"Koki!" akasema Mama Koki kwa Kiswahili, ameduwaa. "Maporomoko yana koki!"

Yule mwanamke hakulielewa neno, akauliza. Mama Koki akafanya ishara ya kufungua na kufunga. Wakacheka wote wawili.

King'ora kililia juu ya mlima. Mwanamke akaangalia saa: saa nne. Akamshika mkono, akamvuta mpaka mwisho wa jukwaa, akamwelekeza chini zaidi bondeni, penye mdomo wa zege mlimani. Kwanza palitoka upepo. Kisha maji yakaruka nje kwa nguvu, yakaufuata mto. Yalikuwa ya kahawia. Mtambo ukiwashwa, maji yanavuta tope lililolala usiku kucha chini ya bwawa, na tope hilo linakwenda na mto.

Mama Koki alishika reli kwa mikono yote miwili. Jumatatu mpaka Ijumaa. Jumapili, kioo.

"Tope," akasema, akitafuta maneno moja moja. "Mji. Tope linafika mji... saa?"

Mwanamke alifikiri. "Saa nane hivi," akajibu, akamwonyesha kwa vidole ili asikosee. "Asubuhi safi. Mchana, tope. Kila mtu wa mjini anajua."

Kila mtu wa mjini anajua. Aliliwaza hilo njia nzima ya kurudi, kichwa kikigonga kioo cha dirisha. Asubuhi maji ya mji yalikuwa safi, mchana machafu. Tangi lake lilikuwa likijaa kutwa nzima na kuyachanganya yote, kisha likayatunza machafu mpaka kesho yake. Manesi wenye ndoo walikuwa wakichota kwenye koki kuukuu saa ambayo maji yalikuwa safi. Zile ndoo ndizo zilizokuwa akili pekee katika jengo lile. Na yeye alitaka kuja na msumeno.

Alifika nyumbani saa kumi. Mwenye nyumba alikuwa amekaa kwenye kiti cha ukumbini, amevaa koti lake zuri la bluu na viatu vya kutokea. Mkoba ulikuwa mapajani. Alijibu salamu, akaanza kuvua kiatu kimoja, polepole, kwa sababu ya goti.

Zamani Mama Koki angepita akapanda juu. Sasa alikaa sakafuni mbele yake, akamsaidia kiatu.

"Dada," akasema, "jana umesema. Mimi nimesema ndiyo. Mimi sikuelewa. Sema tena?"

Mwenye nyumba aliweka mkoba chini. Kisha akasema tena, maneno machache machache, kama zamani alipokuwa akiwasomea watu namba za simu. Alimwambia Jumatano hakuna maji kwenye maporomoko. Alimwambia waende wote kwa dada yake, anayeishi kijiji cha nusu ya njia. Wapande basi la saa tatu, maana la alfajiri goti lake haliliwezi. Dada yake alikuwa ameandaa chakula. Asubuhi yeye mwenyewe alivaa, akagonga mlango wa juu, akakuta kitanda kimetandikwa.

"Nilidhani hutaki kwenda na kikongwe," akasema.

Mama Koki alijua kusema pole kwa lugha ile, lakini haikutosha, akaisema na kwa Kiswahili, mara nyingi, ameshika kile kiatu. Mwenye nyumba hakulia wala hakumkaripia. Alisema, "Mdogo wangu, mimi nimekaa posta miaka ishirini na sita. Simu ikikatika, mtu anasema, 'Halo, sikusikii.' Hakuna anayeona haya. Wewe laini ilikuwa imekatika, ukawa unasema ndiyo tu."

Asubuhi iliyofuata aliwaomba Bwana Funguo na nesi mkuu waje kwenye chumba cha kufulia. Nesi mkuu alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye haraka, aliyesimama mlangoni kama anayesubiriwa mahali pengine, na kweli alikuwa anasubiriwa. Mama mmoja alikuwa na uchungu tangu alfajiri. Mama Koki alikuwa amechora usiku ule picha kwenye daftari lake: bwawa, mto, mji, tangi, saa. Aliwaonyesha.

Bwana Funguo aliitazama, akapiga paji la uso wake kofi, funguo zote zikalia. "Mama! Nilikuambia! Wiki ya kwanza! Siku ile uani, nikakuonyesha mlima!"

"Ulinionyesha," akasema. "Mimi sikuelewa. Nikasema ndiyo."

Nesi mkuu hakucheka. "Nilikuomba mara tatu tangi lijazwe asubuhi tu," akasema, kwa sauti ya chini, polepole ili aeleweke. "Ulikubali mara tatu. Nikaacha kuomba. Nikafikiri fundi ametoka mbali, hataki kufundishwa na sisi."

Hilo lilimchoma kuliko ukuta mkavu. "Hapana, sista," akasema. "Niliogopa kusema sijui." Sentensi yote ilikuwa na makosa ya sarufi, lakini walimwelewa. Nesi mkuu alimgusa bega, akarudi haraka kwa mgonjwa wake.

Basi alikaa na Bwana Funguo kwenye ndoo mbili zilizopinduliwa, akafungua ukurasa mpya, akamwambia amweleze upya yote aliyomweleza tangu siku ya kwanza. Ilichukua muda wa asubuhi nzima. Kumbe stoo alimoweka mabomba yake ilikuwa ya magongo ya wagonjwa, nao walikuwa wakiyafuata magongo kwa kuruka mabomba. Kumbe Bwana Funguo alimwalika mara mbili kwake kumwona mjukuu aliyezaliwa, akaitikia, wakamsubiri, hakuja. Kumbe Mama Ndiyo haikuwa sifa. Alipomweleza hilo la mwisho, Bwana Funguo alishika shavu kwa haya. Mama Koki alicheka mpaka akashika mbavu, na wale manesi vijana waliokuwa wakisikiliza dirishani wakakimbia.

Kazi yenyewe ya kurekebisha haikuwa kubwa. Aliweka valvu, ile koki kubwa ya kufungia bomba zima, kwenye njia ya kuingilia tangini, akatundika saa ya ukutani juu yake. Ilipofika saa saba Bwana Funguo aliifunga, na alfajiri mlinzi aliifungua. Maji ya mchana aliyapitisha kwenye bomba jingine, ya kuoshea ua na kumwagia vyoo. Ile koki kuukuu ya uani aliibadilishia mpira, akaiacha. Yote hayo hayakumaliza shida. Tangi lilikuwa dogo, na siku ambazo wazazi walikuwa wengi lilikauka kabla ya jioni. Ndoo ziliendelea kupangwa chini ya dirisha, ingawa sasa zilikuwa tatu badala ya kumi na moja. Shirika liliahidi tangi la pili. Lilifika mwezi wa mwisho, nalo alilifunga yeye na Bwana Funguo, wakigombana kuhusu ngazi ikae wapi, ugomvi wa kweli, wa watu wanaoelewana.

Alifika kumwona mjukuu wa Bwana Funguo. Mtoto alikuwa ameshaota meno mawili.

Maporomoko hakuyaona yakianguka. Kila mwisho wa wiki kulikuwa na chujio, au tangi, au goti la mwenye nyumba. Lakini Jumatano moja walipanda basi la saa tatu, wote wawili, na kushuka nusu ya njia kwa yule dada, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito ambaye alimkumbatia Mama Koki kana kwamba amerudi kutoka vitani. Walikaa jikoni kutwa nzima. Wale ndugu wawili waliongea wote kwa wakati mmoja, na Mama Koki akawasimamisha kila mara, "Ngoja, ngoja, hapo sikuelewa," wakarudi nyuma na kumweleza. Kulikuwa na kichekesho kirefu kuhusu marehemu shemeji yao na baiskeli ya padri. Walimweleza mara ya kwanza, hakukielewa. Wakamweleza mara ya pili, mmoja akiigiza baiskeli na mwingine akiigiza padri. Walipomaliza kilikuwa hakichekeshi tena hata kidogo, lakini dada mtu alikuwa ameshaanguka kwenye kiti kwa kuigiza, na hapo wakacheka wote watatu mpaka chai ikapoa.